Kupima ustawi wa kuku wa nyama bila vifaa: tumtazame kuku au tulitazame banda?

Bibi Mifugo wa Mlandizi

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni afisa ugani wa mifugo na ninahudumia kikundi cha wafugaji 14 wa kuku wa nyama upande wa Mlandizi, mkoani Pwani. Kila mmoja anafuga kuku kati ya 300 na 800 kwa bechi, wengi wao wa aina ya Cobb 500, na wanauzwa wakiwa na siku 32 hadi 36. Mwezi uliopita mnunuzi wetu mmoja anayepeleka kuku hotelini alitueleza kwamba kuanzia sasa atahitaji uthibitisho kuwa kuku anaowanunua wameishi vizuri, akatukabidhi fomu ya kurasa nne ambayo natakiwa niijaze mimi mwenyewe kwa kila banda.

Nilianza na banda ambalo siku zote nimekuwa nikiwapeleka wageni kuliona. Fomu inauliza kama vyombo vya maji vinatosha, kama chakula kimehifadhiwa mahali pakavu, kama kuku wamechanjwa Gumboro na kideri, kama madirisha yana wavu, na kadhalika. Nilipofika ukurasa wa mwisho banda lilikuwa limepoteza alama moja tu, tena kwa sababu ya kukosa dawa ya kukanyagia mlangoni. Nikiwa natoka, nilimgusa kwa ncha ya kiatu kuku mmoja aliyelala karibu na chombo cha maji, nikitarajia ainuke aondoke. Alijiburuta hatua mbili akijisaidia kwa mabawa, kisha akalala tena. Nilipomshika na kumgeuza nikakuta kidari hakina manyoya, ngozi yake nyekundu kama iliyounguzwa kwa maji ya moto, na katikati ya nyayo zote mbili pana gamba jeusi linalokaribia ukubwa wa punje ya mahindi. Pale alipokuwa amelala, maranda yalikuwa yamegandamana kama chapati. Ndipo nilipoanza kuwaona na wengine wa namna yake, ambao nilikuwa nimewapita nikiwa nimeinamia karatasi.

Swali langu ni hili. Je, kuna namna ya kupima ustawi wa kuku hawa ambayo itawaona kuku wa aina hiyo, na ambayo mtu mmoja anaweza kuifanya kwa saa moja au mbili bila vifaa vya maabara? Nikipata matokeo, nitajuaje kama ni mabaya au ni ya kawaida? Sitaki kumpa mnunuzi alama nzuri ambazo mimi mwenyewe siziamini, wala sitaki kumharibia mfugaji soko kwa kuku watatu niliokutana nao kwa bahati mbaya.

Daktari wa Mifugo, Morogoro

Bibi Mifugo, ulichokumbana nacho kimewasumbua wengi kabla yako. Fomu uliyopewa inapima kile ambacho kuku amepewa, na haiulizi kile kilichompata. Huko Ulaya kwa miaka mingi ukaguzi ulikwenda kwa mtindo huo, hadi mwaka 2009 mradi ulioitwa Welfare Quality ulipotoa utaratibu ambao sehemu kubwa ya vipimo vyake vinasomwa kwenye mwili na mwenendo wa kuku mwenyewe. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani nalo lina sura nzima kuhusu kuku wa nyama katika kanuni zake, na vigezo linavyovitaja ni vya namna hiyo: mwendo, vifo, nyayo, hali ya manyoya, unywaji wa maji, kasi ya ukuaji.

Kwa banda la kuku 500 ningekushauri uanze na mwendo, kwa kuwa ndipo yule kuku wako alipojitokeza. Mwaka 1992 Kestin na wenzake wa Bristol, Uingereza, walitoa kipimo cha ngazi sita ambacho hadi leo ndicho kinachotumika zaidi. Kuku wa 0 anatembea bila dosari na vidole vyake hujikunja kila anapoinua mguu; wa 1 ana kasoro ambayo unaihisi lakini huwezi kuitaja; wa 2 kasoro yake inaonekana wazi ila haimzuii kwenda atakako; wa 3 anachechemea kiasi cha kushindwa kushindana na wenzake kwenye chakula; wa 4 hutembea akilazimishwa tu, na hukaa chini mara unapomwacha; wa 5 hawezi kutembea kabisa. Yule wako, kwa maelezo yako, ni wa 5, na kwa kweli hakupaswa kusubiri siku ya kuuzwa. Huyo ni wa kuchinjwa siku hiyohiyo.

Kuanzia ngazi ya 3 tuna sababu nzuri ya kuamini kwamba kuku anaumia. Watafiti wa Uingereza waliwahi kuwawekea kuku aina mbili za chakula zenye rangi tofauti, moja ikiwa imechanganywa na karprofeni, ambayo ni dawa ya kutuliza maumivu. Kuku wenye vilema vya miguu walikula chakula chenye dawa kwa wingi kuliko wazima, na kadiri kilema kilivyozidi ndivyo walivyozidi kukichagua. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2000, mimi huwasimulia wafugaji kila wanaponiambia kwamba kuku wa nyama "ndivyo alivyo, ni mzito".

Angalizo moja kuhusu namna ya kuwapata wa kupima. Ukitembea tu na kuwatazama wanaokupita, utawaona wenye miguu mizuri, kwa sababu hao ndio wanaokupita. Chukua maboksi mawili ya vifaranga yaliyokunjuliwa, zungushia kundi la kuku kama kumi mahali walipo, wakiwemo waliolala, kisha uwafungulie mmoja mmoja na kuandika ngazi ya kila mmoja. Fanya hivyo sehemu tano za banda: karibu na mlango, kwenye maji, kwenye chakula, ukutani na katikati. Wanaotumia utaratibu wa Welfare Quality hupima kuku wapatao 150, lakini hayo ni mabanda ya maelfu. Kwako 50 wanatosha kukupa picha.

Nyayo zikague kwa kuku hao hao, na ukiweza ongeza hadi 100. Futa tope kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuandika chochote, maana kinyesi kilichokauka kimewadanganya hata wakaguzi wazoefu. Matandiko, yaani yale maranda ya sakafuni, yapime kwa kiganja: chota konzi moja, ibane, kisha uachie. Yakisambaratika ni mazuri, yakibaki donge ni mabichi. Kwa vumbi, weka karatasi nyeusi juu ya kitu kilichoinuka kidogo unapoingia, na unapomaliza kazi pitisha kidole juu yake. Harufu ya amonia ipime kwa pumzi zako za kwanza ukiwa umechuchumaa, pua yako ikiwa usawa wa vichwa vya kuku, kwa sababu baada ya dakika chache pua huzoea na kukuambia kila kitu ni salama.

Kuhusu swali lako la mwisho, la kujua matokeo mabaya ni yapi, nitakupa kipimo kimoja cha vifo. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2007, wanapoamua kama mfugaji anastahili kuruhusiwa msongamano mkubwa zaidi, hutumia hesabu hii: asilimia 1, ukijumlisha asilimia 0.06 mara umri wa kuku kwa siku. Kwa kuku wa siku 35 ni 1 na 2.1, yaani asilimia 3.1. Katika kuku 500 hao ni kumi na watano na nusu, basi tuseme kumi na watano. Hesabu hiyo huhitaji mashine; unahitaji daftari la banda lililoandikwa kwa uaminifu, na hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo.

Mfugaji wa Thika

Daktari, kwa heshima zote, maelezo yako ni ya kweli lakini naomba kutofautiana nawe kuhusu mahali pa kuanzia. Nimefuga kuku wa nyama kwa miaka kumi na mmoja, na jambo linalonisumbua katika vipimo vya miguu na nyayo ni kwamba vinakuja mwishoni. Mkaguzi anafika siku ya 30, anageuza kuku, ananiambia nyayo zimeungua, ananipa alama mbaya, nami siku ya 33 nawauza. Kuku aliyeumia hakufaidika lolote na ukaguzi huo. Mnyama anayeishi wiki tano ana nafasi ndogo sana ya kurekebishiwa mambo, kwa hiyo mimi naona anayetaka kumsaidia hana budi kuyapima mazingira mapema, kabla hayajaandikwa kwenye mwili wake.

Tena sisemi hivyo kwa uzoefu wangu peke yake. Mwaka 2004 Marian Dawkins wa Oxford na wenzake walitoa utafiti uliohusisha kuku milioni 2.7 katika makampuni makubwa kumi ya ufugaji. Walijaribu viwango tofauti vya msongamano, wakakuta kwamba tofauti za unyevu, joto na hali ya matandiko kati ya kampuni na kampuni zilikuwa na uzito mkubwa zaidi kwa ustawi wa kuku kuliko msongamano wenyewe, ingawa msongamano uliopita kiasi nao ulikuwa na madhara yake. Sasa, unyevu na joto ni mambo ya banda.

Mimi ningemshauri Bibi Mifugo aende bandani usiku wa kwanza. Vifaranga hawajui kuficha jambo. Wakiwa wamerundikana chini ya jiko wanasikia baridi, wakilikimbia na kuegemea ukingo wa nje joto limezidi, na wakijazana upande mmoja kuna upepo unaopenya mahali. Wakiwa wametawanyika kama njugu zilizoanikwa, nenda ukalale. Saa 24 baada ya kuwashusha, washike 30 hivi na ubonyeze taratibu kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Panapaswa kuwa pamejaa na laini, kama uji mzito ndani ya mfuko, kwa vifaranga wasiopungua 95 katika kila mia. Pakiwa pagumu amekula bila kunywa, pakiwa patupu hajakiona chakula. Kisha weka nyayo zake shavuni pako. Zikiwa baridi, kifaranga ana baridi, hata kama kipimajoto cha ukutani kinasema vingine.

Jambo jingine ambalo fomu nyingi hazigusi ni giza. Kwetu wengi huacha taa ikiwaka usiku kucha ili kuku wale zaidi. Agizo hilo hilo la Ulaya alilolitaja Daktari linadai giza la saa sita kwa siku, nne kati ya hizo zikiwa mfululizo, ukiacha siku za mwanzo na za mwisho. Mimi nilipoanza kuzima taa saa nne usiku niliogopa uzito utashuka. Kuku walipoteza gramu chache wiki ya pili, wakazirudisha wiki ya nne, na idadi ya wanaopinduka chali na kufa ghafla ilipungua mbele ya macho yangu.

Msimamizi wa machinjio, Dar es Salaam

Nimewafuatilia kwa makini, na naomba niongeze la upande wangu, kwa sababu mimi huwapokea kuku hawa baada ya ninyi nyote kumaliza kazi.

Mfugaji wa Thika amesema ukaguzi wa mwisho haumsaidii kuku aliyekwisha kuumia, na hilo siwezi kulipinga, lakini bechi inayofuata inaingia kwenye banda lile lile kwa mfugaji yule yule. Sweden imekuwa ikikagua nyayo machinjioni tangu miaka ya 1990. Mguu usio na kidonda hupewa 0, wenye kidonda kidogo cha juu juu hupewa 1, na wenye kidonda kilichozama ndani hupewa 2. Wakipata idadi, kila mguu wa 1 huhesabiwa nusu alama na kila wa 2 huhesabiwa alama mbili, kisha jumla huwekwa kwa kila miguu mia. Banda safi kabisa litapata sifuri, na banda baya kupita yote litapata 200. Pale kwetu miguu hukatwa na kuwekwa ndooni ikisubiri akina mama wanaoikaanga jioni, kwa hiyo kuikagua mia moja ni kazi ya robo saa, nawe hufukuzani na kuku. Akina mama wenyewe wana kipimo chao cha siku nyingi: wenye gamba jeusi wanaukataa, au wanataka wapunguziwe bei, kwa sababu ukimenywa unabaki na shimo.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna kati yenu aliyeligusa, nalo ni siku ya mwisho ya kuku. Naona kuku waliolelewa vizuri wiki tano wakiharibiwa kwa saa tatu. Wanakamatwa kwa mguu mmoja, wanne au watano kwa mkono, wanasukumiwa ndani ya tenga ambalo huwezi kuwahesabu kwa jinsi walivyobanana, halafu pikipiki inasimama juani kituo cha mafuta. Rangi ya damu iliyovilia chini ya ngozi husimulia habari hiyo kwa usahihi ambao hakuna mtu anayeweza kubishana nao. Ikiwa nyekundu au ya zambarau iliyoiva, kuku ameumia wakati wa kukamatwa au njiani. Ikianza kuwa na ukijani, ameumia siku moja au zaidi kabla, yaani bandani. Niliwahi kupokea kuku 120 ambao 31 walikuwa na bawa lililovunjika au damu mbichi kwenye paja, na mfugaji aliapa kwamba banda lake halina tatizo. Alikuwa anasema kweli. Aliyeharibu ni kijana aliyelipwa kwa kila kuku anayemtia tengani.

Basi katika fomu yako, Bibi Mifugo, tenga nafasi ya mambo matatu: waliofika wakiwa wamekufa, waliovunjika mabawa, na muda waliokaa ndani ya matenga. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haiishii mlangoni mwa banda.

Daktari wa Mifugo, Morogoro

Nakubaliana na Msimamizi moja kwa moja, na kwa Mfugaji wa Thika nakubali nusu. Vifaranga wa usiku wa kwanza anaowaeleza ni kipimo cha mnyama, tena kizuri mno. Hakusoma kipimajoto, alisoma vifaranga. Tunachobishania, nadhani, ni siku ya kupima. Kwa kikundi kama hiki ningesema ziara tatu: siku ya kwanza, siku ya 14 ambapo nyayo huwa zimeanza kubadilika na bado kuna muda wa kugeuza maranda, na siku mbili kabla ya kuuza. Na kuku wanaohema kwa mdomo wazi kwa sababu ya joto, Bibi Mifugo awahesabu saa ile ile kila ziara, la sivyo atalinganisha asubuhi ya Juni na adhuhuri ya Januari halafu amlaumu mfugaji kwa jua la Pwani.

Na tafadhali apime mtu mmoja. Nimewahi kuwapeleka wanafunzi wawili banda moja kwa wakati mmoja, mmoja akarudi na vilema 6, mwingine 19. Tulipokaa pamoja na kutazama kuku wale wale tukagundua kwamba wa pili aliwahesabu ngazi ya 2 kuwa ni 3. Kama ni lazima mwe wawili, pimeni kuku ishirini wa kwanza kwa pamoja mkibishana, ndipo mgawane banda.

Bibi Mifugo wa Mlandizi

Ndugu zangu, nawashukuru sana kwa muda wenu. Nimerudi kwenye banda lile lile juzi, siku ya 33, nikiwa na maboksi mawili, kitambaa, ndoo ya maji na kalamu ya risasi, kwa sababu ya wino ilinigomea kwa vumbi. Ilinichukua saa mbili kasoro dakika kumi.

Kati ya kuku 50 niliowafungulia, 9 walikuwa ngazi ya 3, 2 ngazi ya 4, na hakuna wa 5, kwani yule niliyemwandikia habari zake mwenye banda alimchinja jioni ile ile. Ili nijue pa kuyaweka hayo nilitafuta, nikakuta utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2008 uliopima zaidi ya kuku 51,000 wenye wastani wa siku 40, ambapo asilimia 27.6 walikuwa na mwendo mbaya na asilimia 3.3 karibu hawawezi kutembea. Wangu ni asilimia 22, ila wana siku saba pungufu, kwa hiyo sikufurahi.

Nyayo nilikagua kuku 100, mguu mmoja kwa kila kuku. Zisizo na kidonda zilikuwa 52, za alama 1 zilikuwa 31, za alama 2 zilikuwa 17. Kwa hesabu ya Sweden ni 15.5 na 34, jumla 49.5. Kilichonishangaza ni kwamba 14 kati ya zile 17 zilitoka kwenye sehemu mbili tu nilizozungushia karibu na maji. Tulipokitazama chombo, ukingo wake ulikuwa chini ya vifua vya kuku, ukiwa haujainuliwa tangu wiki ya pili, na kila kuku anayekunywa alikuwa anamwaga. Tumeuning'iniza usawa wa mgongo wa kuku palepale, kwa kamba ya katani na msumari mmoja.

Halafu daftari. Vifo vilikuwa 27 katika vifaranga 500, yaani asilimia 5.4, dhidi ya takriban 3 ambazo hesabu ya Daktari ingeziruhusu kwa siku 33. Lakini 19 kati ya hao walikufa siku saba za mwanzo, na sita kati ya hao walikufa usiku mmoja, ambao mwenye banda anaukumbuka kwa sababu mkaa ulimwishia saa nane usiku na duka lilikuwa limefungwa. Hapo, Mfugaji wa Thika, nimekuelewa.

Nilipomsomea mwenye banda namba hizo sikujua atazipokea vipi. Alinyamaza kidogo, akaomba aziandike kwa chaki nyuma ya mlango wa banda, kisha akaniuliza jirani yake amepata ngapi. Nimemwambia kwa jirani nitakwenda Jumanne. Bechi yake mpya inaingia tarehe 12, na amekwisha kununua gunia la pili la mkaa.